Injini mpya inapimwa hata bila kuwashwa
Kaka hapo juu unasema injini mpya inatoka kiwandani haijawahi kuguswa wala kupimwa, si kweli, ila wengi tunachanganya kupimwa na kuwashwa. Siku hizi injini nyingi za magari madogo zinapimwa zikiwa baridi, yani hakuna petroli wala dizeli, mota ya umeme inazungusha kranki shafti (mhimili mkuu unaoendeshwa na pistoni) huku sensa, yani vifaa vya kupimia, zinasoma presha ya oili, mtetemo, hewa inavyoingia na kutoka kwenye silinda na nguvu inayohitajika kuizungusha, sasa kama valvu haikai vizuri au beringi imefungwa vibaya inaonekana palepale. Inajazwa hewa pia kuangalia kama inavuja. Za kuwashwa kabisa na mafuta mara nyingi ni chache tu za sampuli. Injini za ndege za abiria hapana, hizo kila moja inawashwa.

Mi nafungua na kufunga injini hapa Gerezani, Dar es Salaam, ndo maana nasema: mpya ukikuta oili oili ndani usidhani imejazwa, nyingi zinasafirishwa bila oili, weka kwanza ndo uwashe. Na hizi za mtumba za Japani pima kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda) kabla hujalipa, kipimo cha kiwandani hakikusaidii tena.