Hifadhi, Okoa au Sevu? Neno la kuweka kwenye kitufe

Kuna dada kaniandikia, kazi yake ni kuchora skrini za apu, safari hii apu ya kikoba cha akina mama. Anauliza ile sevu ya Kiingereza kwenye kitufe aandike Okoa, Hifadhi au Kuhifadhi? Bosi wake anataka Okoa sababu kaikuta kwenye kamusi, mteja naye kaiona Hifadhi akasema mbona mnawaamrisha watu wazima.

Dada, Okoa itupe. Mtu anazama unamvuta, hapo ndo umeokoa. Na Mkenya akiona Okoa atawaza Okoa Jahazi, ile ya Safaricom ya kukopeshwa salio. Tatizo sevu ya Kiingereza imebeba mizigo mitatu, kuokoa, kuweka akiba na kutunza kitu kisipotee, wakati kwetu kila mzigo una neno lake, na kwenye kikoba hapo pana hatari kweli maana mama kajaza fomu ya mchango kabonyeza, anajua hela ishaingia kwenye akiba kumbe katunza maelezo tu, siku ya kuvunja kikoba ni ugomvi. Maelezo andika Hifadhi, hela andika Weka akiba. Sevu nayo ipo mtaani, "ngoja nisevu namba yako", hata mimi nasema, ila mara nyingi ni mambo ya namba na picha kwenye simu, kwenye apu ya hela siiamini.

Kuhusu kuamrisha, angalia nani anaongea. Neno la kwenye kitufe anayelisema ni mama mwenyewe, anaiambia simu "hifadhi", na simu haina umri wala haivunjiwi heshima. Ndo maana M-Pesa inakwambia Tuma Pesa, Toa Pesa na hakuna aliyewahi kununa. Kuhifadhi inafaa kichwa cha habari, siyo kitufe. Ila maneno ambayo simu ndo inamwambia mama, kama kumtaka aweke namba ya siri, hapo mteja wako ana hoja, ongeza tafadhali, haikugharimu kitu.

Nimeona pia kwenye mchoro uliotuma kuna swali "Unataka kughairi mchango huu?" na chini vitufe viwili, Ghairi na Sawa. Hapo hata mimi nimekwama! Ghairi ni neno zuri sana, ni kubadili nia, mtu kaghairi safari, lakini hapa nikibonyeza Ghairi naghairi mchango au naghairi huko kughairi? Andika "Ndiyo, ghairi" na "Hapana, rudi", na kama vitufe vitakuwa virefu basi punguza maua pembeni, siyo maneno.

Ikoni ya diski, kile kipicha cha diski ya zamani ya kompyuta kinachowekwa kwenye kitufe cha kusevu, ni hiari yako. Ile flopi ya megabaiti 1.44 hata Sony waliacha kuiuza kwao Japani 2011, na nina wasiwasi kwenye kikoba chenu wapo ambao hawajawahi kuishika. Ukiibakiza, neno Hifadhi likae chini yake, na isiwe "bofya hapa". Kubofya asili yake ni kuminya embe uone kama limeiva. Kwenye kompyuta limeshazoeleka sina ugomvi nalo, ila kwenye simu ya kupangusa kidole kinagusa tu, andika Gusa.