Mchezo wa kambi ya wakimbizi: anzia bombani

Ndugu, umeuliza, katika mchezo unaoubuni wa kuendesha kambi ya wakimbizi, mchezaji asimamie nini zaidi ya mahema na chakula. Anza na maji. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Bomba likiharibika, foleni ya madumu inarefuka, watoto wanakosa shule, ugomvi unazuka.

Tafadhali usiwafanye wakimbizi kuwa namba za kulishwa tu, hilo linaniuma. Kakuma, kambi ya Kenya iliyoanzishwa 1992, ina maduka, vinyozi na masoko, na Waturkana, wenyeji wa eneo hilo, huwauzia wakimbizi kuni na makaa. Kwa hiyo mgao ukipunguzwa, madeni ya dukani yapande na mwenyeji naye akose wateja. Viongozi wa wakimbizi nao waweze kumkatalia mchezaji.