Kompyuta ya injini ishukiwe mwisho: majibu kwa wenye pikapu za haibridi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, ambako pikapu za haibridi, yaani zenye injini ya petroli na mota ya umeme, kama Ford Maverick na F-150, zimeshaanza kuuzwa mtumba na kufika katika gereji za mitaani. Karibu zote zinahusu kompyuta ya injini, kifaa ambacho mafundi wa Dar es Salaam hukiita kontroli boksi. Barua moja imetoka Dar kwenyewe na si ya pikapu, lakini nimeijibu hapa kwa sababu ugonjwa ni uleule.

Fundi, habari za kazi. Nina Ford Maverick ya haibridi ya mwaka 2022 niliyoinunua mtumba, nayo imetembea maili 61,000. Gereji ya mtaani inasema kompyuta ya injini imekufa na inataka karibu dola 2,000 kuibadilisha. Je, bei hiyo ni ya haki? (Msomaji, Houston)

Ndugu yangu, usilipe hata senti kabla ya kwenda kwa wakala wa Ford. Sheria ya shirikisho ya Marekani kuhusu moshi wa magari inamlazimisha mtengenezaji kutoa waranti ya miaka 8 au maili 80,000, lolote litakalotangulia, kwa vifaa vichache vikubwa vya kudhibiti moshi, na kompyuta inayoongoza udhibiti huo imo pamoja na katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba lake. Miaka inahesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza, na waranti hulifuata gari hata likiuzwa mara tatu. Lako la 2022 lenye maili 61,000 bado limo ndani.

Tatizo ni kwamba karani wa mapokezi akiangalia maili zako ataona waranti ya kawaida ya maili 36,000 imekwisha zamani na ile ya injini na gia ya maili 60,000 imekwisha juzi, kisha atakuambia huna haki yoyote. Taja kwa jina waranti ya moshi, na uombe jibu lake kwa maandishi. Waranti hiyo inahusu kifaa kilichoharibika chenyewe. Haihusu kilichoingia maji, kilichounguzwa na mtu aliyegeuza nyaya za betri wakati wa kubusti, wala waya uliotafunwa na panya.

Mashine ya kupimia imetoa msimbo U0100, na fundi akasema huo ndio uthibitisho kwamba kompyuta imekufa. Ni kweli? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea. U0100 maana yake ni kwamba kompyuta nyingine za gari zimeiita kompyuta ya injini na hazikupata jibu. Mtu asiyepokea simu si lazima awe amefariki. Huenda simu yake imeisha chaji. Kompyuta isiyopata umeme, isiyo na ethi nzuri (njia ya umeme kurudi kwenye betri), au iliyokatikiwa nyaya za mawasiliano itatoa msimbo huohuo.

Anza na betri ndogo ya volti 12, kwani kwenye haibridi watu huisahau kwa kudhani betri kubwa ndiyo kila kitu, ilhali kompyuta zote huamshwa na hiyo ndogo, na ikichoka hutoa misimbo ya ajabu ambayo haina uhusiano wowote na ugonjwa. Baada ya hapo pima umeme na ethi kwenye soketi ya kompyuta ikiwa imechomolewa, na usipime kwa mita peke yake. Waya uliokatika ukabaki na uzi mmoja tu utaonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti umeme wa maana, lakini ukiunganisha balbu ya breki ya wati 21 kati ya tundu la umeme na tundu la ethi, balbu itatoa mwanga hafifu au isiwake kabisa. Tumia kichomeo chembamba kinachoingia bila kulazimishwa, maana tundu likishapanuka utakuwa umetengeneza ugonjwa mpya.

Nyaya za mawasiliano hupimwa kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, betri ndogo ikiwa imefunguliwa. Kati ya tundu la 6 na la 14, magari mengi huonyesha kama omu 60 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa sababu mtandao huo una vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukiona 120, mwisho mmoja umepotea. Ukiona karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana mahali. Magari ya sasa yana mitandao kadhaa, kwa hiyo kipimo hiki kinakusemea mmoja tu.

Jambo la mwisho ni volti 5. Kompyuta hupeleka umeme wa volti 5 kwa sensa nyingi kupitia waya wa pamoja, na sensa moja ikishoti huzizima zote, kisha kompyuta ikaonekana imerukwa na akili. Pikapu moja ililetwa kwangu juu ya gari la kuvuta, tayari imehukumiwa na gereji nyingine, na dashibodi ina taa kama duka la sikukuu. Kwenye waya wa volti 5 nilipata 0.3. Nikachomoa sensa moja, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, ile ndogo ya presha ya gesi ya eisii (kiyoyozi) iliyo mbele karibu na rejeta, na mita ikaruka hadi 4.98 mkono wangu ukiwa bado umeshika plagi. Injini ikawaka. Kompyuta mpya ilikuwa imeshaagizwa, na ilirudishwa ikiwa ndani ya boksi lake.

Naogopa umeme wa haibridi. Je, kuchomoa kompyuta ya injini kunaweza kuniua? (Msomaji, Dallas)

Kompyuta yenyewe hutumia volti 12, kwa hiyo haitakuua. Hatari iko jirani yake. Usiguse waya wowote wa rangi ya chungwa, unaobeba umeme wa betri kubwa, wala soketi yake; kazi ya huko inahitaji kuchomoa plagi ya usalama, kuvaa glavu za mpira zilizothibitishwa kwa volti 1,000, na kusubiri dakika 10 ili umeme uliobaki ndani ya inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri kubwa kwa ajili ya mota, uishe. Kwa kazi yako, zima gari, weka funguo mbali nalo, kisha fungua nyaya za betri ndogo. Wengi hawafikirii kwamba haibridi iliyo tayari kuondoka hukaa kimya kabisa kama iliyozimwa, halafu injini ikajiwasha yenyewe vidole vyako vikiwa kwenye mkanda wa injini.

Shikamoo fundi. Mimi sina pikapu, nina Toyota Aqua hapa Dar. Ilipita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani na kontroli boksi imeingia maji. Nimepata ya mtumba kutoka gari lililokatwa. Nikiifunga, gari litawaka? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Huenda lisiwake, na kosa litakuwa la mfumo wa kuzuia wizi, ambao huifahamu kompyuta ya zamani na huikataa ngeni. Linganisha kwanza namba zilizo kwenye stika: kwa Toyota, kompyuta ya injini huanza na 89661, na tarakimu tano zinazofuata nazo zinapaswa kufanana na zako au ziwe zimetambuliwa na Toyota kuwa mbadala wake. Muuzaji akikuambia "zote za Aqua ni moja", mshukuru na uendelee kutafuta.

Namba zikifanana, fundi wa programu ana njia mbili: kuioanisha kompyuta hiyo na funguo za gari lako, au kunakili kumbukumbu ya ile ya zamani na kuiandika kwenye hii. Ya pili mara nyingi hukupunguzia usumbufu, na ndiyo maana nakuomba usiitupe iliyoingia maji. Bodi inaweza kuwa imeoza kwa kutu huku chipu ya kumbukumbu ikiwa nzima. Usiianike juani wala usiiwashe ili "kujaribu"; ifunguliwe, isafishwe kwa spiriti na brashi laini, ikauke, kisha kumbukumbu isomwe.

Tumefunga kompyuta mpya kwenye Maverick, fundi akaanza kuipa programu, ikakwama katikati. Sasa gari halitambui funguo. (Msomaji, Minneapolis)

Dada, nakisia kulikuwa na chaja ya kawaida kwenye betri, au hakukuwa na kitu kabisa. Kuandika programu huchukua muda, feni na taa zinakula umeme wakati wote huo, na volti zikishuka maandishi hukatika. Kinachotakiwa ni kifaa cha kutoa umeme tulivu, kwa kawaida kama volti 13.5, bila mitetemo ya chaja za bei rahisi. Kompyuta iliyokwama aghalabu huokolewa kwa kuanza upya kwa umeme mzuri, hivyo usinunue nyingine bado.

Programu ya Ford hujaribu kwanza kusoma taarifa kutoka kompyuta ya zamani ili kuzihamishia kwenye mpya. Kama ile ya zamani haizungumzi, fundi atalazimika kutumia taarifa za kiwandani zinazopatikana kwa namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17. Kuhusu funguo, Ford nyingi hudai funguo mbili ndipo zikubali kuoanishwa upya, na huenda wewe ulikwenda na mmoja. Tafuta wa pili nyumbani kabla ya kulipia gari la kuvuta.

Kompyuta imebadilishwa, gari linatembea vizuri, lakini kituo cha kupima moshi kimelikataa wakisema "haliko tayari". (Msomaji mwingine, Houston)

Halina ugonjwa. Kompyuta mpya haijamaliza majaribio yake ya ndani, na kwa gari la petroli la mwaka 2001 na kuendelea huruhusiwa jaribio moja tu kuwa halijakamilika. Haibridi huchelewa kwa sababu injini huzimwa kila mara mjini. Jaza tangi kati ya robo na robo tatu, maana jaribio la mvuke wa mafuta hukataa kuanza tangi likiwa tupu au limejaa pomoni. Liache lilale usiku kucha, asubuhi uende nalo barabara kuu kwa mwendo usiobadilikabadilika, na urudie kwa siku kadhaa. Kifaa kidogo cha kupimia cha bei nafuu kitakuonyesha ni jaribio lipi bado, kabla hujapanga foleni tena.