Re: Narudia notsi mara tatu, kwenye mtihani nakwama
Ndugu, umeuliza kwa nini unarudia notsi mara tatu na bado mtihani unakutoa jasho. Tatizo ni huko kurudia. Maneno yakishazoeleka machoni unaona umeyajua, kumbe unayatambua tu, na mtihani unataka uyatoe kichwani mwenyewe.

Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili Marekani, wakachapisha mwaka 2006. Wanafunzi walisoma vifungu viwili: kimoja wakakisoma tena, kingine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, kilichosomwa tena kilikumbukwa zaidi, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 dhidi ya 56. Ndiyo maana kukesha ukirudia notsi kunadanganya sana.

Soma kurasa 3 au 4, funga daftari, andika yote unayokumbuka kwenye karatasi tupu. Ukikwama usichungulie upesi, hangaika kwanza dakika nzima. Kisha fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Tafadhali usiruke hapo, maana kosa lisiposahihishwa nalo hukaa kichwani. Rudia kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki, ukianza na yale mekundu.