Hiyo Mustang ya 1966 ni GT kweli? Anzia kwenye bati, achana na nembo

Mkuu, umesema jirani yako huko Texas anauza Mustang ya 1966, gari la Ford, na anaapa ni GT ya kiwandani, yaani toleo la kasi lililotoka hivyo kiwandani, si la kawaida lililobandikwa nembo baadaye. Unataka kujua utaithibitishaje, na kama ni kweli utaiingizaje kwenye orodha yetu ya Mustang za miaka hiyo zilizobaki. Mimi ni fundi bodi, niko Ohio mwaka wa 11 sasa, na kazi yangu ya Jumamosi ni kuzunguka kwenye maghala ya wakulima nikiandika Mustang za 1965 na 1966 ninazozikuta. Silipwi. Mke wangu anaita ugonjwa.

Za miaka hiyo miwili zina tabu yake. Mustang za kuanzia 1967 unaweza kulipia ripoti ya Marti, mwenye kibali cha kutumia rekodi za uzalishaji za Ford, ukaambiwa gari liliagizwa na nini, hadi rangi. Za 1965 na 1966 hazimo. Na kwa mwaka wa modeli wa 1966 peke yake zilitoka zaidi ya laki sita. Kwa hiyo faili ni gari lenyewe, na faili hilo limeshapita mikononi mwa watu wengi wenye spana.

Fungua boneti, simama upande wa dereva. Juu ya bati la ndani, pale madigadi inapofungiwa boliti, pana mkato mdogo na namba imegongwa humo. Tuseme inaanza 6T09C. 6 ni 1966. T ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey; F ingekuwa Dearborn, R ni San Jose. 09 ni fastback, ile yenye mgongo wa kuteremka. 07 ni ya paa la kawaida, 08 ni ya turubai. Herufi inayofuata ndiyo injini, na hapo ndipo kwenye pesa. GT ya kiwandani ilitoka na A, yaani V8 ya inchi za ujazo 289 yenye nguvu za farasi 225, au K yenye nguvu za farasi 271. Basi. Ukikuta C, ile V8 yenye nguvu ndogo zaidi, au T ya silinda sita, mjadala umekwisha hata kama gari limebandikwa nembo kumi.

Muuzaji atakuonyesha kibati cha mlangoni, chenye namba hiyo hiyo. Kisome, kipige picha, ila usikipe imani yote. Mlango hutolewa, na vibati vipya vinachongwa na kuuzwa.

Mwaka juzi niliitwa kwa mama mmoja mzee aliyeachiwa fastback na marehemu mumewe. Imekaa ghalani, vinyesi vya njiwa hadi kwenye dashibodi. Kibati cha mlangoni kinasema A. Kwenye bati la ndani namba imezibwa na grisi na rangi, haisomeki. Nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaweka karatasi nyepesi juu yake, nikasugua penseli kwa ubavu. Ikatoka alama kama mwezi mchanga, mdomo umefunguka kulia. C. Nikarudi mlangoni, nikavuta mpira wa pembeni: chini yake rangi ya bluu. Nikainua kapeti la sakafuni: nyekundu. Nikamweleza yule mama nikiwa na wasiwasi atakasirika. Akacheka. Kumbe mumewe alirudi kinyumenyume na trekta, akaponda mlango, akaenda kununua mwingine kwenye yadi ya vyuma chakavu. Hapakuwa na utapeli wowote. Lakini angekufa na yeye bila kusimulia, lile gari lingeuzwa kama GT.

Namba ikikubali, ingia chini ya gari. GT ilikuwa na ekzosi mbili zinazotokea kwenye matundu ya bati la chini nyuma, na kiwandani walichomelea vipande vya kuimarisha kwenye fremu ya nyuma pale ekzosi inaponing'inia. Watu wengi wanaogeuza gari la kawaida kuwa GT husahau hivyo vipande, au wanavichomelea ovyo. Wewe tafuta uchomeleaji wa nukta, si mkanda wa mtu wa gereji. Breki za mbele ziwe za diski. Asikudanganye na dashibodi ya geji tano za duara: mwaka 1965 hiyo ilikuwa dalili nzuri, 1966 kila Mustang ilikuwa nayo.

Kwenye bloku ya injini kuna tarehe ya kumiminwa, mfano 6A14: Januari 14, 1966. Herufi ni mwezi, na I imerukwa, kwa hiyo Septemba ni J. Tarehe hiyo lazima iwe kabla ya gari kuundwa. Ikiwa baada, injini imekuja baadaye. Siyo dhambi, ila iandikwe.

Usisafishe kitu kabla ya picha. Gari langu la tatu nililipitishia brashi ya waya chini, nikafuta alama za chaki na madoa ya rangi waliyoweka wafanyakazi kiwandani. Najua zilikuwepo kwa sababu nusu ya moja ilibaki nyuma ya difu. Mpaka leo roho inaniuma.

Kwenye orodha andika ulichokiona, kwa tarehe, na nani alikuambia kile usichokiona. Gari lililokatwakatwa nalo liingie. Nimewahi kukuta namba moja kwenye magari mawili ya majimbo tofauti. Kama lile bovu kati ya hayo mawili lisingeandikwa, tusingejua. Jina na anwani ya mwenye gari baki nazo mwenyewe.

Ukienda, beba tochi, karatasi na penseli laini, na omba uone hati ya umiliki ulinganishe namba. Piga picha za bati la ndani, kibati, fremu ya nyuma pande zote mbili, kisha weka hapa tuzitazame. Ziba tarakimu tatu za mwisho, wezi wa namba nao wanasoma jukwaa.