Umefika Seine-Saint-Denis? Anza na anwani yako

Mdogo wangu, watu wa nyumbani watasema unasoma Paris. Waache waseme, ila wewe ujue unakaa Seine-Saint-Denis, jirani na Paris, ambayo ni departementi (kama mkoa wa Ufaransa) namba 93, na tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza utakapohitaji karatasi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga foleni tangu alfajiri, baridi ikiuma, nikafika dirishani nikaambiwa mtaa wangu uko manispaa nyingine. Nyumba za huku zimebanana. Unavuka barabara kununua mkate, kumbe umeshaingia mji wa pili. Departementi nzima ni kilomita za mraba 236 tu, lakini ina manispaa 39, kila moja na meya wake. Zilikuwa 40 hadi Pierrefitte ilipounganishwa na Saint-Denis Januari 2025, kwa hiyo orodha ya zamani usiifuate.

Jina nalo linapoteza wengi. Mgeni hudhani makao makuu ni Saint-Denis, kwenye makaburi ya wafalme na uwanja wa Stade de France. Hapana, ni Bobigny, tangu departementi hii ilipoanza kazi mwaka 1968, departementi ya zamani ya Seine ilipogawanywa. Prefektura iko huko, nayo ni mkono wa serikali kuu: kibali cha kuishi ni suala lake. Meya hata akupende vipi, hakupi kibali. Kwake utaenda kufunga ndoa au kumwandikisha mtoto shule ya msingi. Mama mjamzito aulize kliniki za PMI, yaani za afya ya mama na mtoto, ambazo ni za baraza la departementi, na atapimwa bila kulipa.

Kama una viza ndefu ya mwanafunzi inayohesabika kuwa kibali, ithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu ufike. Usingoje masomo yakolee, miezi hiyo inakimbia.

Ukikaa kwa ndugu, mwombe mapema barua iitwayo attestation d'hébergement, ya kuthibitisha kwamba unakaa kwake, pamoja na nakala ya kitambulisho chake na bili ya umeme ya karibuni. Najua inatia haya kumdai mwenyeji wako karatasi, lakini bila hizo hata benki itakurudisha.

Na leo hii, kabla hujalala, bandika jina lako kwenye sanduku la barua pale chini. Tarishi asipoliona, barua yako inarudi ilikotoka.