Barua kwa Mwanangu: Kuwachorea Ramani Watu Usiowajua

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi huku Ngamiani hatujambo. Umeniuliza kama kuna faida yoyote kwa kijana wa Tanga kukesha mbele ya kompyuta akichora barabara na mapaa ya nchi asiyoijua, ilhali nyumbani shida zimejaa.

Faida ipo, tena kubwa. Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipoibomoa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, watu wa kujitolea kutoka pembe nyingi za dunia walizitazama picha za setilaiti, wakaichora mitaa ile katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri, na baada ya siku chache waokoaji wakawa wanaitegemea. Wahaiti nao walituma ujumbe wa simu kwenda namba 4636 kwa Krioli yao. Ndugu zao walioko ughaibuni wakautafsiri, na wanafunzi huko Boston wakauweka mahali pake kwenye ramani kwa programu ya Ushahidi. Programu hiyo, mwanangu, ilitengenezwa hapa jirani, Kenya, mwanzoni mwa 2008, ili wananchi waripoti ghasia zilizofuata uchaguzi. Likumbuke hilo kila utakapoambiwa kwamba sisi ni watu wa kusaidiwa tu.

Hata hivyo, zingatia ni nani aliyetafsiri. Setilaiti huliona paa, lakini haijui kama chini yake kuna zahanati au ghala la mkonge. Hapa Ngamiani mgeni hapotei, kwa kuwa barabara zetu zina namba. Ila ukimwelekeza nyumba ya mtu kule Tongoni, utamwambia aupite mwembe mkubwa, kisha akate kushoto kabla hajafika kisimani. Ujuzi huo wanao wenyeji peke yao. Ndiyo maana mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu katika kata zinazofurika, kama Tandale, wakapita na wakazi mtaro kwa mtaro wakiuliza maji hufika wapi.

Kwa hiyo chora, mwanangu, lakini usiandike jina ambalo hukulipata kwa mwenyeji, wala usirushe mtandaoni picha ya mgonjwa au mfiwa bila ridhaa yake, hata kama unachangisha fedha kwa ajili yake. Na ukija likizo, njoo na simu yenye chaji. Nitakupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji cha Tongoni, tuombe ruhusa ya kuanza na visima.

Mama yako